Mdudu Aliyepewa Jina la Kogo

Mama mkwe wangu aliitwa Chepngeno. Shamba zima lilimwita Kogo, maana yake bibi, hata watoto wa Kiluhya na wa Kikuyu wasiokuwa wa ukoo wake, na mwishowe hata nyapara. Alikuwa mfupi, ndewe za masikio zilizovutwa tangu ujana zikimgusa shingo, na ugoro haukumwisha mkononi. Akicheka alifunika mdomo kama msichana. Akikasirika hakupaza sauti. Alinyamaza, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Nyumba yake ilikuwa chini ya mwamba, kwenye shamba la Mzungu mmoja upande wa Kuresoi, huko kwenye baridi ambako viazi hustawi kuliko mahindi. Katika mwamba ule yalitoka maji. Hayakutoka kwa kishindo. Yaliteleza tu kama jasho usoni pa mtu, yakalowesha majani laini yaliyoota juu ya jiwe, kisha chini yakajikusanya kuwa kijito. Watoto wake wote Kogo aliwaogesha kwa maji yale siku walipozaliwa, na binti yangu wa kwanza pia akamwogesha hapo, huku mimi nikilia kwamba maji ni baridi na yeye akinicheka. "Wewe uliogeshwa kwa maji ya bomba, ndiyo maana huachi kulia," alisema. Misheni nilikosoma mpaka darasa la nne kulikuwa na bomba moja, na hilo hakuacha kunitania nalo.

Aliishi hapo kabla ya waya. Hivyo ndivyo alivyohesabu miaka, kabla ya waya na baada ya waya. Mzungu alipokuja kuzungusha seng'enge alimkuta Kogo na mumewe ndani yake. Mume akawa mchungaji wa kondoo wa Mzungu mpaka alipokufa. Baada ya hapo Kogo alikaa kwa kidole cha mwanawe, Kipketer, mume wangu, aliyekamua ng'ombe wa shamba. Kila mwaka wafanyakazi walitia kidole kwenye mkataba, na aliyetia kidole ndiye aliyeruhusiwa kuwa na nyumba na mbuzi wachache. Sisi wengine tuliishi lain, nyumba zile za mstari karibu na zizi. Kogo peke yake aliachwa kwenye maji yake, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekumbuka kumtoa.

Mwaka wa hamsini na tano walikumbuka. Nyapara wetu, Wasike, mtu wa Bungoma mwenye maneno mengi na moyo usio mbaya, alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba wazee wasiofanya kazi watarudishwa rizavu, kwenye ardhi iliyotengewa kabila lao.

"Rizavu gani?" Kogo alimwuliza. Mimi ndiye niliyetafsiri, kwani Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu.

"Kwenu, Kogo."

"Mwambie hapa ndipo kwetu. Mwambie mimi nilikuwa hapa yeye akiwa bado anatambaa huko kwao na kula udongo."

Wasike akacheka. "Udongo wa Bungoma ni mtamu, Kogo. Lakini mimi natumwa tu."

"Waliokutuma waambie siondoki," alisema, akachukua ufagio.

Basi hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake wakati Bwana Vichupa alipokuja.

Alikuwa ndugu wa mwenye shamba, mwembamba, mgonjwa wa kifua, aliyetumwa huku kwetu apate hewa ya milimani. Jina lake la kweli sikulijua kwa muda mrefu. Tulimwita Vichupa kwa sababu mifuko yake ililia akitembea, imejaa chupa ndogo kama za dawa ya macho. Alishika wadudu. Si wale wa kuogopwa, si nzige, si vipepeo vya rangi. Alitaka wadudu wa majini, na kadiri mdudu alivyokuwa mdogo ndivyo alivyofurahi. Alikuwa na mrija wa mpira. Ncha moja aliiweka juu ya mdudu, nyingine akaiweka mdomoni, akavuta pumzi, na mdudu akaingia katika chupa.

"Anawanyonya!" Kogo aliniita mara ya kwanza alipomwona mwambani. "Jelagat, njoo uone, Mzungu ananyonya inzi."

Alikaa kizingitini akamtazama asubuhi nzima. Kesho yake pia. Siku iliyofuata alimpelekea kibuyu cha maziwa lala yenye mkaa, kama tunavyoyahifadhi kwetu, kwa sababu, alisema, mtu anayekula inzi ana njaa. Yule Mzungu alikunywa yote, masharubu yakawa ya kijivu, akasema, "Mzuri sana, mama. Mzuri kabisa." Wazungu wengine wangemwaga nyuma ya kichaka. Toka siku hiyo alikuwa akiacha kiti chake na mwavuli nyumbani kwa Kogo, na Kogo alifukuza mbuzi wasikitafune kiti. Ninayaandika haya ili ijulikane kwamba hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya tungemjua mapema.

Aliyempata mwambani alikuwa mdudu ambaye sisi tuliochota maji pale kila siku hatukuwahi kumwona kwa kumtazama. Alikuwa mdogo kuliko punje ya wimbi. Ukimwona ametua ungedhani ni kivumbi cha majivu, mpaka kivumbi kikimbie. Bwana Vichupa alileta darubini yake ya mezani, akaiweka juu ya sanduku mlangoni kwa Kogo penye mwanga, akaniita nitazame. Nilikuwa na mtoto mgongoni, nikainama polepole asiamke.

Sijasahau. Alikuwa na mabawa manne membamba, yenye nywele pande zote kama unyoya wa kuku, mengine ya rangi ya moshi, mengine meupe yenye mstari wa dhahabu. Pembe zake za kichwani zilikuwa kama shanga zilizotungwa. Kisha akanionyesha watoto wake, viwavi waliotolewa kwenye yale majani laini ya mwambani. Kila kiwavi alikuwa amejishonea kifuko kwa uzi unaotoka mdomoni mwake mwenyewe, na juu ya uzi akabandika chembe za mchanga, akaishi humo akiwa ametokeza kichwa tu. Akikua anakipasua na kukiongeza kama mama anavyoongeza pindo la gauni. Nikafikiri, mtoto huyu hana mama, amejifanyia mbeleko mwenyewe.

"Hii dudu hapana iko na jina," Bwana Vichupa akasema. "Hapa Kenya hapana, Ulaya hapana. Mimi nafikiri dunia yote iko hapa tu, kwa hii mawe."

Nilimtafsiria Kogo. Akauliza, "Sisi tumeishi naye bila jina, hakulalamika. Yeye atamfanyia nini jina?"

Kwa muda wa majira mawili ya mvua alimchora. Alieleza kwamba mdudu hawezi kupewa jina mpaka aandikwe mwili wote: miguu, miiba ya miguu, mabawa, na zaidi ya yote sehemu za siri za dume, kwa sababu mabawa ya wadudu hawa hufanana, lakini kule nyuma kila kabila lina umbo lake. Hilo nilishindwa kulitafsiri kwa mama mkwe. Nilitazama chini. Alinibana mpaka nikasema.

Kogo alifunika mdomo, mabega yakatikisika. "Mzee mzima! Ametoka ng'ambo ya bahari kuja kutazama uchi wa inzi!" Akawaita wanawake waliokuwa wakichota maji, akawaeleza, wakaweka madebe chini wakacheka mpaka Bwana Vichupa naye akacheka, bila kujua anachekewa nini. "Mwulizeni," Kogo alisema, "akishaujua wa inzi, atakwenda na kioo chake kwa Wasike?"

Hiyo ilikuwa miezi mizuri. Wasike hakuja tena na habari za rizavu. Nani angemgusa mwanamke ambaye kiti cha ndugu wa Bwana Mkubwa kiko nyumbani mwake?

Halafu zikaja habari kutoka Ulaya kwamba kweli, mdudu huyu hajawahi kuandikwa na mtu. Bwana Vichupa alishuka mteremko akikohoa na kucheka, akamwambia Kogo kwamba ni desturi ya kazi yao kumpa mdudu mpya jina la mahali au la mtu wa heshima, na kwamba yeye ameamua. Mdudu ataitwa kwa jina lake. Chepngeno, na mkia wa Kilatini nyuma yake.

Wanawake waliokuwa pale hawakucheka. Kwetu, mtoto akizaliwa, akina bibi hukaa na kuyaita majina ya waliokufa upande wa baba, moja baada ya jingine, huku wakimpaka mtoto ugoro kidogo puani. Jina atakalopigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Huo ndio kurenet, na hata sisi tuliobatizwa tuliufanya, tukasema tunaufanya kwa ajili ya wazee. Jina la aliye hai haliitwi. Ukiliita unampisha mwenyewe mlangoni, unamwambia njia ile pale. Chepchirchir, dada wa marehemu baba mkwe, ambaye ndiye aliyeita majina katika ukoo wetu, alisimama, akatema mate kifuani pake, akasema, "Kataa. Jelagat, mwambie amekataa."

Nilidhani Kogo atachukua ufagio. Badala yake akaniuliza, "Mwulize, jina likishaandikwa linaweza kufutwa?"

Nilimwuliza. "Hapana," Bwana Vichupa akasema. "Mpaka mwisho ya dunia."

"Hata Bwana Mkubwa hawezi kulifuta? Hata D.C.?"

"Hata Malkia hapana weza."

Akachukua chembe ya ugoro kati ya vidole viwili, akainama juu ya kile kichupa chenye mdudu aliyekwisha kufa ndani ya spiriti, akatamka jina lake mwenyewe. Alingoja kidogo. "Hakupiga chafya," alisema, "lakini nimekubali."

Chepchirchir aliondoka bila kuaga.

Jioni Kipketer alikuja kutoka zizini, ameshaambiwa. Alikuwa na hofu. "Mama, umefanya nini? Unataka kufa?"

"Nataka kukaa," alimjibu. "Fikiri kwa kichwa, wewe. Mwenye jina langu anaishi kwenye mwamba huu, na hakuna mahali pengine anapoishi, Mzungu mwenyewe amesema. Basi ni mtoto wangu. Ameandikwa huko kwao, wala hafutiki. Umewahi kuona mama akifukuzwa, mtoto akaachwa nyumbani? Wakimtaka yeye, watanivumilia mimi."

Mume wangu alikuna kichwa. Kwa kweli lilikuwa neno lenye akili. Mimi pia niliamini. Kwetu jina na nyumba haviachani. Aliyeitwa kwa jina lako ni wa boma lako, na boma lake ni lako. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba kuna watu ambao kwao jina ni jina tu, kitu cha kubandika kwenye chupa.

Karatasi za kumwandika mdudu zilipofika kutoka Ulaya zimechapwa, Bwana Vichupa alifanya karamu ya chai mlangoni kwa Kogo, na mkate mweupe. Kulikuwa na picha ya bawa, picha ya mguu, na ile picha nyingine ambayo Kogo aliifunika kwa kiganja watoto wasiione. Juu kabisa lilikuwa jina. Nililisoma kwa sauti. Akaniambia nilisome tena. Akaweka kidole juu yake, kidole kile ambacho hakikuwahi kutakiwa kwenye mkataba, akakisukuma kwa nguvu kama anayetia alama. "Sasa na mimi nimetia," alisema.

Mvua za mwaka huo hazijaisha, Wasike akaja. Alivua kofia, nasi tukajua. Akawa akitazama mbuzi.

"Kogo," alisema, "limekatwa shauri. Mwamba unazungushiwa waya. Hakuna kufua, hakuna kunywesha mifugo, hakuna moshi. Ni kwa sababu ya yule mdudu. Bwana Vichupa amemwambia ndugu yake kwamba akifa pale amekufa dunia nzima. Samadi ya mbuzi inateremka kwenye maji. Majivu pia. Nyumba itatoka."

"Nyumba ya nani?" nikauliza mimi, kana kwamba zilikuwa mbili.

"Mama Chepkosgei," aliniita kwa jina la mtoto wangu, kwa upole, "usinifanye niseme."

Kogo alivaa shuka yake ya Jumapili, akapanda hadi nyumba kubwa, nami nyuma yake na mtoto mgongoni. Bwana Vichupa alitoka barazani. Alipotuona uso wake ulifurahi kwanza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, alifurahi.

"Mwambie," Kogo alisema, "mimi ndiye mama yake."

Nilimwambia. Akaanza kueleza kwa Kiswahili chake, akakimbilia Kiingereza, akarudi. Alisema mbuzi ni mbaya kwa yale majani, na viwavi hawawezi kuishi bila yale majani. Alisema yeye mwenyewe ameomba waya, hakuwaza habari ya nyumba, lakini nyumba iko karibu mno. Alisema, "Ni kwa sababu ya hii jina, mama. Jina yako. Wewe nataka hii dudu nakufa?"

"Mwulize, mimi nilipokuwa hapa na mbuzi miaka yote, huyo mdudu alikuwa wapi?"

Nilimwuliza. Akasema polepole kwamba Jumapili Kogo akitaka atafunguliwa geti, aingie kutazama.

Sikutaka kulitafsiri hilo. Nililitafsiri. "Mwambie maziwa yangu yalikuwa mazuri," Kogo alisema, akageuka.

Mbuzi waliuzwa. Bwana Mkubwa hakutaka ugomvi ndani ya shamba, akamwambia Kipketer kama mama yake hana pa kwenda basi aende naye, na mkataba ulipoisha hawakumwita kutia kidole. Hivyo mdudu alituhamisha sote. Tulishuka Nakuru, Kipketer akapata kazi kiwandani kwenye maziwa, sisi tukapata chumba mtaa wa Bondeni, ukuta mmoja na fundi cherehani wa Kijaluo, Owuor, aliyeimba akishona.

Kogo hakumchukia mtu wa Bondeni. Alikaa nje ya mlango juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama wanawake wa jirani wakipanga foleni kwenye bomba la kaunsili. Maji ya bomba aliyanusa, akayarudisha. "Yana harufu ya shilingi," alisema. Alikunywa chai tu, kwa sababu majani yalificha ile harufu. Owuor alikuwa akimtania, "Mama, nikushonee gauni la mjini?" naye akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Shonea dudu. Dudu yangu iko uchi, Mzungu naangalia." Owuor alidhani mzee amepotewa na akili. Mimi nilicheka nikaingia ndani nisionekane.

Ugoro aliacha. Kufagia hakukuwa na mahali. Vumbi jeupe la ziwani lilipoanza kupeperuka na kutuingia mapafuni na kwenye unga, alianza kukohoa kama Bwana Vichupa, na baridi ya Julai haikumwacha. Alikufa mchana, binti yangu akiwa amelala kando yake. Chepchirchir aliyekuja kwa lori la viazi hakulia. Alisema, "Alijiita mwenyewe. Mimi nilikuwepo."

Nilikuwa na mimba. Sikusema neno kwa mtu, lakini tangu siku ile ya mazishi nilikuwa na shauri langu moyoni. Nilijua atakuwa msichana, na nilijua atakuwa nani. Nilimwandalia. Usiku wa kuogopa nilikuwa nikimwambia tumboni, njoo tu, Kogo, njoo hata kama maji ni ya bomba.

Alikuwa msichana. Chepchirchir alishuka tena, akina mama wa ukoo waliokuwa Nakuru wakajaa katika kile chumba, tukafunga mlango ili Owuor asichungulie. Nilimshika mwanangu mapajani. Nilimwomba Chepchirchir aanze na jina la Kogo. Alinitazama, akampaka mtoto ugoro, akaita.

"Chepngeno."

Mtoto alikunja uso. Tukangoja. Nilisikia cherehani ya Owuor upande wa pili ikipiga.

"Chepngeno, wewe uliyekaa penye maji. Njoo."

Alipiga miayo.

"Tena," nikasema.

"Jelagat."

"Mwite tena, shangazi. Mwite kwa sauti, pengine hasikii, ni mbali."

Alimwita tena, kwa sauti kubwa, mpaka cherehani ikanyamaza. Mtoto alifumba macho akataka kulala. Basi Chepchirchir akaenda kwa wengine, akaita mama zao na shangazi zao, na alipofika kwa mwanamke mmoja wa zamani ambaye hata yeye hakumjua uso, mtoto akapiga chafya kubwa, na wanawake wakapiga vigelegele. Nikatabasamu kama inavyopasa.

Wakati wa kunywa chai Chepchirchir alinisogelea. "Usimlaumu mtoto," alisema. "Kogo ana mwenye jina lake tayari, kule mwambani. Hawezi kuwa mahali pawili."

Nilimfunga binti yangu katika mbeleko. Ni mtoto mzuri, na jina alilopewa ni zuri. Huko Kuresoi waya bado upo, nimeambiwa na watu wa lori, na majani yameota mwambani mpaka yamefunika mahali palipokuwa na mlango. Bwana Vichupa alirudi kwao. Kogo alisema haondoki, na sasa hakuna wa kumwondoa. Lakini mimi nilimtaka huku, chumbani kwangu, anicheke mtoto akilia kwa maji baridi.